Kutoka Kibaba hadi Masafa: Historia ya Ugezi na Ufundi wa Redio kwa Mtazamo wa Kondoa

1.0 Utangulizi



Mhadhara huu unahusu neno moja na kazi moja. Neno ni ugezi. Kazi ni ile ya kuhakikisha kwamba kifaa cha kupimia kinasema kweli. Nimechagua kuitazama kazi hiyo kupitia jenereta ya mawimbi ya redio, chombo ambacho bila hicho fundi hawezi kuthibitisha kwamba redio aliyoitengeneza imekaa sawa. Mahali pa kuitazamia ni Kondoa, mji ulio umbali wa kilometa 160 hivi kaskazini mwa Dodoma. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na istilahi ya kazi hii. Kilichopungua ni njia ya kuifikisha istilahi hiyo, pamoja na huduma yenyewe, kwa fundi wa mji mdogo.

2.0 Neno kabla ya maabara

Kitenzi geza kina maana ya kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine, na pia kuiga. Kutokana nacho tumepata kigezo, na hatimaye ugezi, neno ambalo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hulitumia kwa kazi ya maabara yake ya vipimo. Shirika hilo lilianzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1975, na likapewa jina lake la sasa mwaka 1977.

Dhana yenyewe ni kongwe kuliko shirika. Wafanyabiashara wa pwani na bara walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na nguo kwa shibiri na dhiraa. Kwa kuwa mkono wa mtu si sawa na wa mwenzake, na kibaba cha mji huu hakikulingana daima na cha mji ule, wauzaji na wanunuzi walijua vyema kwamba kipimo nacho huhitaji kupimwa. Kwa mantiki hiyo, ugezi si dhana iliyoletwa na umeme. Umeme uliongeza ugumu wake tu, kwa sababu kibaba huonekana kwa macho, ilhali wimbi la redio halionekani.

3.0 Redio na Kondoa

Historia ya Kondoa haiwezi kutenganishwa na umbali wake. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Irangi, kisha mvua za masika zikaikata njia ya mahitaji yao. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, yaani miaka zaidi ya mia moja baadaye. Sauti ilitangulia kufika kabla ya lami.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa chini ya serikali moja kwa moja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Redio moja ilipoharibika, si mtu mmoja aliyekosa somo, bali kikundi kizima.

Katika wilaya ya zamani ya Kondoa, kabla ya Chemba kutengwa mwaka 2012, zilizungumzwa lugha za nasaba tofauti kabisa: Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa za Kikushi, pamoja na Kisandawe chenye sauti za kidoko. Kwa wasemaji hao wote, stesheni ya Dar es Salaam ilikuwa kigezo cha Kiswahili sanifu. Kwa fundi, stesheni hiyohiyo ilikuwa kigezo cha namna nyingine.

4.0 Jenereta na mnyororo wa ulinganisho

Redio nyingi za mawimbi ya kati na mafupi hubadili kila stesheni inayonaswa kuwa masafa mamoja ya ndani, ambayo kwa kawaida ni kilohezi 455. Koili za hatua hiyo zikihama, redio hunong'ona, hupiga mluzi, au stesheni hukaa mahali pasipolingana na namba za kioo. Mwenye jenereta huingiza kilohezi 455 na kuzungusha viini vya koili hadi mlio ufikie kilele. Asiye nayo hutega stesheni anayoijua na kusahihisha kwa sikio. Njia hii ya pili si ya kubeza, kwani nayo ni kugeza. Udhaifu wake ni kwamba sikio hutambua kilele bila kutambua namba. Koili zote zaweza kukubaliana kwenye kilohezi 462, redio ikasema, na kosa likabaki ndani.

Hata hivyo, kuwa na jenereta hakutoshi. Fuwele yake huzeeka na masafa yakasogea. Vipunguza nguvu vyake huchakaa, hata kiwango kinachoandikwa usoni kisiwe kile kinachotoka. Hapa yafaa kutofautisha kutengeneza na kugeza. Kutengeneza ni kukirudisha chombo kwenye kazi. Kugeza ni kukilinganisha na chombo bora zaidi, kuandika tofauti iliyoonekana, na kutaja kiasi cha shaka kilichobaki. Chombo hicho bora nacho hulinganishwa na kingine, hadi kufikia sekunde yenyewe, ambayo tangu mwaka 1967 hufafanuliwa kwa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya siziamu. Aidha, chombo kilichotengenezwa bila kugezwa ni hatari kuliko kilichokufa, kwa kuwa kilichokufa hakimdanganyi mtu.

5.0 Hitimisho

Mnyororo huo hukatika mahali pawili. Kwanza ni umbali: kumpelekea mtaalamu wa Dar es Salaam chombo kutoka Kondoa ni gharama ya safari na siku za kukaa bila kazi. Pili ni lugha: vitabu vya huduma vya watengenezaji wa vyombo hivi huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza, ilhali fundi hujifunza na kufundisha kwa Kiswahili. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini istilahi iliyomo kamusini haijawa istilahi iliyo mezani pa fundi.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa isimu waende kwa mafundi, wayasikilize maneno yao ya kazi, na kuyalinganisha na yale ya kamati zetu. Istilahi nayo ni kipimo, na kipimo kisichorudishwa kwa watumiaji kikagezwa upya husogea kimyakimya, kama fuwele.