Maana Zilizosubiri: Historia Fupi ya Upeo katika Semantiki ya Kompyuta

Sentensi “Kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja” ina maana mbili: huenda wote walisoma kitabu kilekile, au kila mmoja alisoma chake. Tofauti hiyo inatokana na upeo wa maneno ya kiasi, yaani neno lipi linatawala jingine. Mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege aliipa mantiki alama za kuzitenga maana kama hizo. Makala ya Mmarekani Richard Montague, iliyotoka mwaka 1973 baada ya kifo chake, ikaonyesha jinsi ya kuzifikia kwa kanuni kutoka sentensi za Kiingereza. Ila kwa Montague kila maana ilidai uchanganuzi wake, hata pale muundo wa sentensi ulipokuwa uleule. Waliomfuata walipiga hatua kwa kukataa kuamua mapema.

Robin Cooper alianza katika miaka ya 1970 kwa kuyaweka maneno ya kiasi ghalani, yakatolewa baadaye kwa mpangilio wowote. Uhuru huo ulizidi mipaka. Mwaka 1987 Jerry Hobbs na Stuart Shieber walichambua sentensi moja yenye maneno ya kiasi matano: mipangilio 120 iliwezekana kihesabu, lakini 42 tu ndiyo iliyokuwa na maana halali. Kuzuia mipangilio batili kulisaidia, ila 42 bado ni mzigo. Ndipo katika miaka ya 1990 Johan Bos akapendekeza fomyula yenye matundu: vipande vya maana huachwa bila kuunganishwa, pamoja na masharti ya kipi kiwe chini ya kipi. Ann Copestake na wenzake walifuata njia inayokaribiana na hiyo katika mfumo walioueleza kwa kina mwaka 2005.

Yupo atakayesema kwamba huko ni kukwepa kazi, kwani hifadhidata haijibu swali lenye maana mbili. Ni kweli, mwishowe lazima kuamua. Lakini muktadha ndio wenye haki ya kuamua, nao mara nyingi huja baada ya sarufi. Tena mfasiri aweza kuuhamisha utata mzima bila kuutatua. Wengine watasema mitandao ya neva ya leo haihitaji fomyula hizo. Hata hivyo, mfumo unaotoa jibu moja umekwisha kuchagua maana moja. Fomyula yenye matundu humwezesha mkaguzi kuona kilichobaki wazi, faida isiyopatikana pale uchaguzi unapofichika ndani ya tarakimu za mtandao.