Ilimba ilivyofika disko

Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za jiji. Tangu mwanzoni mwa mwaka huo vijana wa TANU walikuwa mitaani na Operesheni Vijana yao, wakiwasaka waliovaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na sasa ikawa zamu ya santuri za Marekani. Katika jiji hilohilo, miaka hiyohiyo, Serikali ilikuwa na kipenzi chake kwenye jukwaa: mchunga ng'ombe wa zamani kutoka Ugogo, mwenye sauti inayoanza na mngurumo wa fahali na kuishia juu kabisa kama ya mtoto, na mikononi mwake sanduku la mbao lenye vyuma. Huyo ndiye aliyetakiwa kuwaonyesha vijana muziki wa kwao ulivyo.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Doubo, Dodoma. Muziki aliupata kwa baba yake na kule machungani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sifa zake zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akaitwa Dar es Salaam kupiga katika kikundi cha ngoma cha Taifa. Akaimba Uhuru, akaimba Ujamaa, akamwimba Mwalimu mwenyewe. Wakati huo nyumbani kwao mambo yalikuwa mazito: Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwahamisha Wagogo kwa maelfu kutoka kwenye kaya zao na kuwapeleka vijiji vya ujamaa. Muziki wa Kigogo ukapata makao ya heshima pwani huku wenye nao wakipakia virago.

Lakini hebu tukitazame chombo chenyewe kwanza, maana bila hicho hatutaelewa kwa nini mzee huyu aliishia kuchanganywa na mashine za disko.

Ilimba ni ndugu wa marimba ya vidole yanayopatikana karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara. Ni sanduku la mbao, na juu yake vimepangwa vyuma vilivyofuliwa, vingi vikiwa misumari iliyopondwa, vinavyochezeshwa kwa vidole gumba. Ya kawaida ina vyuma vichache. Za Zawose zilizidi kukua hadi zikapita vyuma 60, na vingine havikuguswa kabisa: kazi yake ilikuwa kutetemeka vyenyewe jirani yake anapopigwa. Kisha kuna matundu kwenye ubao, na juu ya matundu hayo hubandikwa utando unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaotia mvumo, ule mkwaruzo kama wa spika iliyofunguliwa kupita kiasi. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani walianza kununua vifaa vya kuchafua sauti hivyo katika miaka ya 1960. Wagogo walikuwa wakiwaendea buibui.

Ngazi ya muziki nayo ni ya aina yake. Ukigusa uzi wa zeze kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, zinachomoza sauti za juu ambazo zimejificha ndani ya sauti moja ya chini. Wagogo walijenga nyimbo zao juu ya sauti hizo za asili, jambo ambalo mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alilieleza kwa kirefu baada ya kuzunguka Tanzania katika miaka ya 1960. Moja kati ya hizo haimo kwenye kinanda cha kanisani wala kwenye gitaa lenye vizuizi. Mtayarishaji yeyote anayekuja na kompyuta yake lazima alitatue hilo kwanza: ama aitune mashine kwa ilimba, ama aiharibu ilimba.

Na mdundo unazunguka. Ilimba haina haraka ya kufika kwenye kiitikio kisha ikafunga kazi. Inashika vipande viwili vitatu vya sauti, inavisokota, inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, na mchezaji anabaki humo mpaka miguu inasahau imeanza lini. Aliyewahi kusimama kwenye ukumbi wa disko saa nane za usiku anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Kikundi cha Taifa kilipovunjwa, kazi yake ikarithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Zawose akahamia huko, akafundisha, akazaa, akajenga. Ndivyo Bagamoyo, mji wa Wazaramo, Wakwere na Waswahili wa pwani, ulivyogeuka kituo kikuu cha muziki wa Dodoma. Siwalaumu waliopanga hivyo, ila nasikitika kidogo kwamba anayetaka kujifunza ilimba kwa mabingwa hupanda gari kuelekea baharini.

Katika miaka ya 1980 lebo ndogo ya London, Triple Earth, ilitoa santuri yake ya Tanzania Yetu. Wajapani nao walimrekodi. Halafu akaja Peter Gabriel, mwimbaji wa Kiingereza aliyeanzisha tamasha la WOMAD na baadaye, mwaka 1989, lebo ya Real World katika kijiji cha Box. Mwaka 1996 Real World ikatoa Chibite, Hukwe akiwa na mpwawe Charles Zawose. Hakuna mashine humo. Ni sauti, ilimba, mazeze, njuga na kadhalika, na bado ndiyo kazi yao inayochezeka kuliko zote.

Mashine zilikuja mwaka 2002. Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada aliyekuwa amemtayarishia Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani albamu ya Mustt Mustt, alikaa na Hukwe na Charles wakatengeneza Assembly. Brook alijua njia: wimbo uliobeba jina la albamu ile ya Nusrat ulikuwa umeshachanganywa upya na Massive Attack na kupigwa kwenye kumbi za dansi za Uingereza. Kwenye Assembly kuna besi nzito, gitaa linalovuta sauti bila kukoma, na vipande vya ilimba vilivyokatwa na kurudiwa. Kwa sikio langu inafaulu pale Brook anapongoja. Pale anapojaza kila pengo, utando wa buibui unazama, na bila ule mvumo ilimba inabaki kisanduku cha muziki cha watoto.

Mwishoni mwa mwaka huo Gabriel akawachukua wawili hao kufungua maonyesho ya ziara yake ya Growing Up huko Amerika Kaskazini. Viwanja vya mpira wa kikapu, maelfu ya watu waliokuja kumwona mwingine, na kabla ya huyo mwingine wanatokea Wagogo wawili. Lilikuwa jukwaa kubwa kuliko yote aliyopata Hukwe, na likawa karibu la mwisho. Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Haukupita muda mrefu Charles naye akamfuata.

Msafiri, mtoto wa Hukwe, aliokota uzi pale ulipokatikia, lakini si kwa kumwiga baba. Mwaka 2017 lebo huru ya London iitwayo Soundway ilitoa albamu yake, Uhamiaji, iliyotayarishwa na Sam Jones. Hapa vinanda vya umeme vinaingia bila kupiga hodi, mdundo unanyooka, mwangwi unatapakaa, na zeze linapita katikati kama lilikuwa humo siku zote. Kwenye Assembly unamsikia mgeni na mwenyeji wakistahiana. Kwenye Uhamiaji mwenye nyumba ndiye anayepanga viti.

Kisha wakaja wanawake, na hili kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko kompyuta zote. Kwa desturi ya Ugogo, ilimba na zeze vilikuwa vyombo vya wanaume. Mwanamke alikuwa na muheme, ile ngoma inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja, na hiyo hakunyang'anywa na mtu. Katika vikundi vya jukwaani, hata cha ukoo wa Zawose, binti alipangwa nyuma: aitikie, atikise mabega, avae vizuri. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walikulia katika nafasi hiyo. Mwaka 2024, kwa jina la The Zawose Queens, wakatoa Maisha, albamu yao ya kwanza, chini ya Real World ileile. Watayarishaji Oli Barton-Wood na Tom Excell waliwafuata Bagamoyo na kurekodi nje, hewani.

Matokeo yake ni kwamba muheme imesogea mbele. Umeme upo, ila umewekwa chini ya ngoma, unaongeza uzito pale viganja vinapotua, na sauti mbili za kike zinakwenda juu yake kwa kupishana. Ilimba ipo pia, mikononi mwa hao hao waliokuwa waitikiaji.

Kwa msomaji asiyewahi kuwasikiliza, aanze na Chibite kisha aruke moja kwa moja hadi Maisha, na Assembly aiache ya mwisho. Asitumie simu: spika zake ndogo hula besi ya muheme yote, ukabaki mlio wa vyuma tu.