Spishi ngeni vamizi

Spishi ngeni vamizi ni kiumbe kilichopelekwa na binadamu mahali ambapo kisingefika chenyewe, kikazaliana bila kutunzwa na kuwadhuru viumbe wa hapo au shughuli za watu. Sifa zote mbili zinahitajika. Ngeni hutaja asili, na vamizi hutaja mwenendo. Mkorosho ulitoka Brazili na leo umejaa wilayani Kibiti, Tanzania, lakini hakuna anayeuita mvamizi.

Neno gugu halitoshi. Gugu ni mmea wowote unaomsumbua mkulima, hata uwe wa asili ya hapo. Katika delta ya mto Rufiji, mikoko hufyekwa ili kulima mpunga. Shamba likiachwa, mitambaazi na majani hulifunika na kuinyima miche ya mikoko nafasi ya kuota. Mitambaazi ya asili ya delta ni magugu, si spishi vamizi.

Baharini, mfano wa karibu ni mwani, ambao kwa wanabiolojia si mmea hasa. Mbegu ya kilimo cha biashara ililetwa Zanzibar kutoka Ufilipino, na mwaka 1989 mashamba yalianza Paje na Jambiani. Zinazolimwa ni aina mbili, kotoni na spinosamu. Spinosamu ina utata, kwa kuwa Afrika Mashariki ina spinosamu yake ya asili na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliobaini kuwa ile ya Asia imetoka mashambani na kujiotea. Kipande kilichokatwa na wimbi kikinasa kwenye mwamba, huendelea kukua. Asili yake ya Asia inatosha kuiita ngeni, lakini kujiotea hakutoshi kuiita vamizi. Katika ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, mwani wa jamii ya kotoni uliopelekwa miaka ya 1970 ulifunika matumbawe hadi kuyaua, na hapo sifa ya pili ikastahili.

Bandarini njia kuu ya spishi ngeni kuenea ni maji ya farumi. Farumi ya jahazi ni mawe au mchanga wa kutuliza chombo kitupu. Meli za chuma hutumia maji ya bahari, nayo hubeba chembe za mwani na kuzimwaga bandari nyingine. Mkataba wa kimataifa wa kuyadhibiti ulipitishwa 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Boti ndogo zinazotoka bandari ya Nyamisati kwenda kisiwa cha Mafia hazina farumi ya namna hiyo, ila nanga na nyavu nazo huweza kubeba vipande.

Ndani ya delta, mwani wa kulimwa haupati mahali pazuri, kwani unataka chumvi na mwanga, na Rufiji humwaga maji baridi yenye tope. Magugumaji ya Amerika ya Kusini ni kinyume chake: hustawi kwenye maji baridi na kufa yakikutana na chumvi.