Msemaji, Msikilizaji na Asiyekuwepo: Kibajuni Mbele ya Kinasa Sauti

Tunapofundisha mazungumzo katika somo la isimujamii, huwa tunatumia istilahi mbili: msemaji na msikilizaji. Wapo wenzetu wanaopendelea mzungumzaji, nao wana hoja, kwa kuwa mtu hazungumzi peke yake. Wanachuoni wa pwani waliosoma nahau ya Kiarabu wana majina matatu: mutakallim, yaani anayesema, mukhatab, anayesemeshwa, na ghaib, asiyekuwepo. Hili la tatu ndilo tunalotaka kulitazama, maana historia ya karibuni ya Wabajuni inalihitaji.

Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ni visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini ya Kismayu. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya wenyeji. Wengi walikimbilia Kenya kwa njia ya bahari, na baadhi yao wakawekwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Wengine walifika hadi Uingereza kuomba hifadhi. Huko wakakabiliwa na swali gumu: huyu ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya? (Wabajuni wapo pande zote mbili za mpaka, mpaka ndio uliowakuta.) Jibu likatafutwa katika lugha. Mwombaji alihojiwa, sauti yake ikanaswa, kisha akaisikiliza mchambuzi.

Kwa wananahau, ghaib ni yule anayesemwa. Hapa asiyekuwepo ni msikilizaji mwenyewe, tena ndiye mwenye uamuzi. Aliyekuwepo ni mhoji, na Mbajuni alisema naye, si na mchambuzi. Nyumbani mtu husema mchu na mchocho. Akisemeshwa na mgeni kwa Kiswahili sanifu, atasema mtu na mtoto, hasa ikiwa amekaa Mombasa miaka kadhaa na kuzoea kuchekwa kwa lafudhi yake. Hiyo ni adabu, na ni haja ya kueleweka. Lakini anayesikia sauti tupu anaweza kuandika: Kenya. Kosa la namna hiyo lingeweza kumnyima mtu hifadhi.

Mwaka 2004 wanaisimu 19 walitoa mwongozo kuhusu uchambuzi wa lugha za wakimbizi, wakitaka kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu na wataalamu wenye sifa. Mwaka huohuo, baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza liliamua kwamba madai ya Ubajuni yapimwe kwa mambo yasiyopungua matatu: ujuzi wa Kibajuni, ujuzi wa maisha ya Wabajuni, na ujuzi wa Kisomali kulingana na historia ya mtu. Hakuna moja ambalo lazima liwe la kukata shauri. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo nayo ilisisitiza kwamba mchambuzi wa lugha asivuke mipaka ya utaalamu wake.

Katika mazoezi yetu ya unukuzi, tunawataka wanafunzi waandike maneno ya mhoji kwa ukamilifu uleule wanaoandikia maneno ya mhojiwa: aliuliza kwa lahaja gani, alimkatiza wapi, na neno gani alilitamka yeye kwanza.