Mfuko wa jamii: namna kikundi cha akina mama kinavyoweza kumsaidia mama mwenye shida na watoto wake

Makala hii ni ya akina mama wanaoishi katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, walio ndani ya kikundi cha akiba au wanaotaka kuanzisha kimoja. Ni yako pia wewe usiye na kikundi na ambaye leo una shida nyumbani. Utaona hapa unaweza kuomba nini, na umwombe nani.

Kwa nini sasa

Mwezi wa Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipunguza mgao wa wakimbizi walio Uganda hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Tangu Julai 2023 familia zinagawanywa katika makundi matatu kulingana na hali zao, na kundi la tatu halipati kitu. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye mgao kwa sababu fedha zilipungua.

Mama anayelea watoto peke yake anaweza kujikuta katika kundi lisilopata, kwa mfano kwa sababu karatasi ya familia bado inaonyesha mume ambaye ameondoka zamani. Ofisi haijui. Jirani anajua, kwa sababu anaona jiko ambalo haliwashwi.

Mfuko wa jamii ni nini

Wengi wetu tulikuja na mazoea ya kuchanga. Wakongomani wana likelemba, Wanyarwanda wana ikibina, Wasomali wana hagbad. Katika michango hiyo pesa inazunguka kwa zamu, na zamu yako ikifika unachukua yote. Kikundi cha akiba kinafanya kazi tofauti kidogo. Utaratibu wake ulianza Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na akina mama wa vijijini, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika. Wanachama ni kama 15 hadi 25, wananunua hisa kila mkutano, wanakopeshana, na baada ya karibu mwaka mmoja wanagawana. Pesa inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne.

Ndani ya sanduku hilo kuna mfuko wa pili, pembeni na ule wa mikopo. Huo ndio mfuko wa jamii. Kila mwanachama anatia kiasi kilekile kila mkutano, tajiri na maskini sawa. Hauna riba. Anayepewa anaweza kupewa moja kwa moja au kukopeshwa bila faida, kama kikundi kilivyoamua. Kwa kawaida mwisho wa mwaka haugawanywi, unabaki kwa mwaka unaofuata.

Tuchukue mfano. Akina mama 25 wakitoa shilingi 500 kila wiki, wana 12,500 kwa wiki na 50,000 kwa wiki nne. Hiyo haitalipa operesheni. Lakini inanunua sabuni, unga wa uji na nauli ya bodaboda kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku.

Je, mfuko unaweza kumsaidia asiye mwanachama?

Ndiyo, kama katiba yenu inaruhusu. Na hapa ndipo vikundi vingi vinagombana, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanachama ana haki ya kuuliza: mimi nimetoa mwaka mzima, kwa nini pesa iende kwa mtu ambaye hakutoa hata mia? Swali hilo si la roho mbaya. Yeye pia anajua kwamba kesho mtoto wake anaweza kuugua na mfuko ukawa mtupu. Tunaona ni afadhali kuamua mapema, siku ambayo hakuna mtu analia mbele yenu. Andikeni kwamba sehemu fulani ya mfuko, labda moja ya tano, ni ya watu wa nje, na sehemu hiyo ikiisha, imeisha mpaka ijae tena. Andikeni pia ni shida zipi: kujifungua, msiba, nyumba kuungua, mtoto aliyebaki bila mtu mzima. Na muamue nani anaweza kutoa pesa katikati ya wiki, kwa sababu uchungu hausubiri siku ya mkutano na wenye funguo watatu hawalali nyumba moja. Vikundi vinaweza kumwachia mtu mmoja kiasi kidogo, kikaandikwa kitabuni, na akatoa hesabu mkutano unaofuata. (Simu ya mweka hazina isigeuke kuwa sanduku. Pesa ya mfuko ikichanganyika na yake, hata akiwa mwaminifu, hesabu itapotea.)

Wewe unayeomba, huna lazima ya kusimama mbele ya watu 25 na kueleza maisha yako. Zungumza na mwanachama mmoja unayemwamini. Yeye ataleta shida yako kwenye mkutano, na atasema yale tu uliyomruhusu.

Msaada usio wa pesa

Mfuko ukiwa mtupu, kikundi bado kina mikono. Mzazi aliyetoka kujifungua anahitaji bidoni za maji, kuni na mtu wa kumpikia uji, kama ilivyokuwa kijijini kwetu. Mjane anaweza kulimiwa kipande chake kwa asubuhi moja watu kumi wakishika jembe, na mbegu ya maharage kila mmoja akaleta kikombe. Kubaki na watoto wa mwenzako siku anayopanga foleni kuanzia alfajiri ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa maana bila hivyo mtoto mkubwa wa kike ndiye anayekosa shule.

Shida ambazo kikundi hakipaswi kuzibeba peke yake

Mtoto asiye na mzazi. Mkimchukua, mlisheni, lakini toeni habari kwa kiongozi wa kijiji na kwa wafanyakazi wa ulinzi wa watoto haraka. Kama hajaandikishwa, hana mgao, na ndugu wanaomtafuta hawatampata. Anayemlea naye anabaki bila karatasi ya kuonyesha kwa nini yuko naye.

Mama aliyebakwa au kupigwa. Jambo hili halipelekwi kwenye mkutano wa kikundi hata kama nia ni njema. Msindikize kituo cha afya akikubali. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inabidi ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Ya kuzuia mimba inatolewa ndani ya siku tano. Kwenda polisi au kutokwenda ni uamuzi wake. Mfuko unaweza kulipa nauli bila kuandika sababu. Kitabuni inatosha kuandika "safari ya hospitali".

Mtu anayedai pesa ili aweke jina la mama kwenye orodha ya msaada. Huduma za UNHCR, za Ofisi ya Waziri Mkuu na za washirika wao ni bure. Msitoe mfuko kulipia jambo hilo. Piga simu bure 0800 323 232 utoe taarifa. Unaweza kuomba kuzungumza Kiswahili. Namba hiyo hiyo ndiyo ya kuuliza kuhusu mama aliyewekwa katika kundi la mgao lisilolingana na hali yake. Kwa shida ya mtoto, piga 116, nayo ni bure.