Kujaza bwawa la kuogelea kwa maji ya kisima: Pima kwanza, klorini baadaye

BWAWA la kuogelea lililojazwa jioni kwa maji maangavu ya kisima linaweza kuamka na rangi ya chai mara baada ya kutiwa klorini. Wengi hudhani dawa ni mbovu, ilhali kinachoonekana ni madini ya chuma yaliyokuwa yameyeyuka katika maji tangu ardhini. Klorini ikiyakuta, huyageuza kuwa chembe za kutu.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako hoteli na nyumba nyingi hutumia visima, chuma si tatizo pekee. Miamba ya matumbawe ni ya chokaa, hivyo maji yanayopita humo huwa magumu. Visima vilivyo karibu na bahari, hasa vinavyovutwa kupita kiasi, huweza pia kuingiliwa na maji ya chumvi.

Kabla ya kumwaga maji ya zamani

Si busara kulikausha bwawa lote wakati wa masika. Maji ya ardhini yakipanda, husukuma kutoka chini, na bwawa tupu huweza kuinuka au kupasuka. Ni salama zaidi kubadilisha maji kwa sehemu.

Maji ya kisima nayo yapimwe kabla ya kuwasha pampu. Jaribio jepesi ni kujaza ndoo nyeupe, kutia klorini kidogo na kusubiri. Yakigeuka kahawia, yana chuma. Dawa ya kufunga madini itiwe bwawani kabla ya klorini. Njia nyingine ni kuyamwaga maji kwa kuyarusha hewani ndani ya tangi, yatulie, kisha yachujwe.

Viwango vinavyotakiwa

Kwa bwawa la kawaida, viwango vinavyokubalika ni hivi:

- pH: 7.2 hadi 7.6
- Ualkali: miligramu 80 hadi 120 kwa lita
- Ugumu wa kalsiamu: miligramu 200 hadi 400 kwa lita
- Klorini huru: miligramu 1 hadi 3 kwa lita
- Asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini dhidi ya jua: miligramu 30 hadi 50 kwa lita

Kipimo cha pH ndicho kinachoamua nguvu ya klorini. Katika pH 7.5, takriban nusu ya klorini huru huwa katika hali inayoua vijidudu kwa haraka. Ikifika 8, hubaki karibu robo tu. Hivyo bwawa linaweza kuwa na dawa ya kutosha kwa kipimo, na bado waogeleaji wakawa hatarini kuambukizwa maradhi ya tumbo.

Hatua za kurekebisha

Kwanza ni kujua ujazo. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 huchukua lita 75,000.

Pili, pampu izungushe maji kwa siku nzima kabla ya kupima upya. Maji ya kisima mara nyingi hubeba hewa ya ukaa, ambayo huishusha pH. Hewa hiyo ikitoka, pH hupanda yenyewe. Anayeharakisha kutia magadi siku ya kwanza huweza kulazimika kutia asidi siku ya tatu.

Tatu ni ualkali. Kwa bwawa hilo, kuupandisha kwa miligramu 10 kwa lita huhitaji takriban kilo 1.3 za bikaboneti ya sodiamu. Ukiwa juu mno, hupunguzwa kwa asidi, kidogo kidogo, huku maji yakipimwa baada ya kila awamu.

Nne ni kuweka pH mahali pake, na mwisho ni klorini. Kwa dawa ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 115 hivi huongeza miligramu 1 kwa lita katika bwawa hilo.

Ugumu uliozidi hauondolewi kwa dawa za kawaida za bwawa. Tiba yake ni kuchanganya maji ya bomba au ya mvua. Hipokloriti ya kalsiamu iepukwe, kwa kuwa huongeza kalsiamu. Klorini ya maji haiongezi. Ugumu ukipuuzwa, chokaa huganda kwenye vigae na mabomba na kuyafanya maji kuwa na ukungu.

Tahadhari

Asidi na klorini visichanganywe kamwe, wala visihifadhiwe pamoja, kwani vikikutana hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua. Aina mbili tofauti za klorini pia zisichanganywe. Wakati wa kuzimua, asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Mtumiaji avae glavu na miwani ya kinga.

Mtu asiruhusiwe kuogelea kabla vipimo havijakaa sawa na sakafu ya kina kirefu kuonekana wazi kutoka ukingoni. Katika maji yenye ukungu, mtoto aliyezama anaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwa watu wazima, na asionekane na yeyote.