Gari na Barabara Yake

Watu wengi hudhani kwamba kuchagua gari ni jambo la kupenda na kutopenda, kama mtu anavyochagua shati dukani. Mimi naliona kuwa ni jambo la historia. Kila gari lina barabara yake, yaani ile barabara ambayo mtengenezaji alikuwa akiiwaza alipokuwa akilichora. Mnunuzi asiyejiuliza barabara hiyo ipo wapi huenda akanunua jibu la swali waliloulizwa watu wengine.

Nitaeleza jambo hili kwa magari mawili ambayo wakazi wa pembezoni mwa miji yetu wanayafahamu vizuri: Suzuki Escudo, ambalo katika nchi nyingi nje ya Japani liliitwa Vitara, na Toyota RAV4. Yote mawili ni madogo, yote ni ya juu, na kwa mtu anayeyatazama kwa mbali yanafanana kama mtu na mdogo wake. Lakini hayakuzaliwa tumbo moja.

Asili ya magari ya juu ni vita na shamba. Jeep lilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 Waingereza wakatoa Land Rover, gari la mkulima, ambalo bodi lake lilikuwa la aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Mwaka 1951 Toyota nao wakatengeneza gari la namna hiyo, ambalo baadaye lilipewa jina la Land Cruiser. Huku kwetu tuliyajua magari hayo kuwa ni ya mkuu wa wilaya, ya misheni na ya wapima ardhi. Hakuna aliyeyanunua ili aende nayo sokoni.

Suzuki ndio walioyapunguza kimo. Mwaka 1970 walitoa LJ10, gari la magurudumu manne yote yanayoendeshwa, lenye injini ndogo sana: sentimita za ujazo 359 tu, kwa kuwa sheria ya Japani iliyapa nafuu magari madogo yasiyozidi 360. Kutoka kwenye ukoo huo, mwaka 1988 likaja Escudo, lenye injini ya 1,600. Lilikuwa na viti vizuri na sura ya mjini, lakini chini yake mifupa ilikuwa ileile ya zamani. Bodi limekaa juu ya chasisi, na magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu. Kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Dereva akiona tope huvuta gia ya pili iliyo kando ya ile kubwa, na magurudumu yote manne yakashika kazi. Akivuta zaidi hupata gia ya nguvu, ambayo hupunguza mwendo na kuongeza msukumo, hata gari likapanda mlima kwa kutambaa.

Toyota walianza upande wa pili. Gari walilolionyesha Tokyo mwaka 1989 kama wazo tu, na kuanza kuliuza mwezi Mei 1994 kwa jina la RAV4, halikuwa Land Cruiser lililopunguzwa. Lilikuwa gari dogo la kawaida lililoinuliwa. Bodi lenyewe ndilo chasisi, kama ilivyo kwa Corolla, na vifaa vyake vingi vilitoka kwenye magari madogo ya kampuni hiyohiyo. Kila gurudumu lina springi yake na hucheza peke yake. Injini ni ya 2,000, na matoleo ya mwanzo yalisukuma magurudumu yote manne wakati wote bila dereva kugusa kitu. Gia ya nguvu haikuwekwa. Honda waliifuata njia hiyo mwaka 1995 kwa CR-V, lililojengwa juu ya misingi ya Civic, na baada yao wengine wengi.

Kwa nini Toyota waliiacha gia ya nguvu? Si kwa sababu hawakujua kuitengeneza, maana ndani ya Land Cruiser ilikuwemo. Waliiacha kwa sababu mteja waliyemwaza hakuihitaji. Huyo alikuwa mtu wa mjini, aliyependa kukaa juu na kuona mbele, na pengine kwenda ufukweni siku ya mapumziko. Nyumbani kwake lami ilifika hadi langoni. Kilima cha udongo kwake kilikuwa kitu cha kukitafuta kwa makusudi.

Sasa magari hayo yalifikaje kwetu? Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Kadhalika, sheria ya huko humtaka mwenye gari jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo huwafanya wengi waliuze gari mapema likiwa bado zima. Nchini Tanzania, milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, ikafunguka zaidi katika miaka ya Rais Mwinyi. Ilipofika miaka ya 1990, wakati wakubwa walipokuwa wakipita katika yale magari makubwa tuliyoyaita mashangingi, mwalimu na karani walianza kuota gari lililotumika Japani.

Miaka hiyohiyo mji wa Dar es Salaam ulikuwa ukikimbilia nje. Watu walinunua viwanja Mbezi, Kimara, Goba na Tegeta, wakajenga, wakahamia, na ndipo wakaanza kuulizana barabara iko wapi. Nyumba zilitangulia, barabara zikafuata kwa mbali. Huko Japani mambo yalikuwa kinyume chake.

Mwaka 2002 mimi na mwenzangu tulikuwa na fedha za kununua gari moja lililotumika. Tulikuwa tumejenga upande wa Goba, yapata kilomita nne kutoka kwenye lami, baada ya vilima viwili na korongo moja. Kwa muuzaji kulikuwa na RAV4 la milango mitano la mwaka 1996, na Escudo la milango mitano la mwaka 1995. Bei hazikupishana sana. Mwenzangu, ambaye alikuwa akienda kazini mjini kila siku, alilipenda RAV4, na hoja zake zilikuwa nzito. Lilikuwa laini barabarani, lilitulia kwenye kona, na vipuri vya Toyota vilipatikana hata kwa kijana mwenye meza Kariakoo. Escudo lilirukaruka nyuma kama punda asiye na mzigo. Akasema: "Baba Neema, siku za lami ni mia tatu, siku za tope hazifiki sitini. Tununue gari la siku mia tatu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, nami sikuwa na hesabu nyingine ya kumpinga. Nilichokuwa nacho ni swali: katika zile siku sitini, nani atakuja kututoa? Palikuwa hapana teksi iliyokubali kuingia mtaani kwetu wakati wa masika, wala gari la wagonjwa. Fundi tuliyemwendea alicheka akasema kwamba yote mawili ni mazuri, ila moja linahitaji barabara na lingine linahitaji dereva. Tukanunua Escudo.

Masika ya mwaka uliofuata, saa nane za usiku, tuligongewa mlango na jirani ambaye binti yake alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mwenzangu, aliyelikataa gari lile, ndiye aliyekaa kwenye sukani, kwa kuwa alikwisha kuizoea njia kuliko mimi. Alivuta gia ya nguvu pale korongoni, nasi tukapanda kile kilima polepole hata mtu mwenye miguu angeweza kutupita. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya alfajiri. Tangu hapo gari letu lilikuwa la mtaa mzima, na hesabu ya siku sitini haikutajwa tena nyumbani mwetu.

Lakini habari haiishii hapo, na hii ndiyo sehemu inayonifikirisha zaidi. Kila mwaka mtaa wetu ulikuwa na mkutano wa kuchangia kifusi cha barabara. Nilianza kuona kwamba kila mara jirani mmoja anaponunua gari la juu, kiti chake mkutanoni kinabaki wazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amekwisha kujinunulia barabara yake, akaiweka chini ya gari lake. Waliobaki wakichangia ni wenye magari ya chini, wenye baiskeli, na akina mama waliokwenda kwa miguu na ndoo kichwani. Yaani wale wenye uwezo mdogo kabisa ndio waliobeba mzigo wa njia ya wote, na yule mwenye nguvu ya kuisukuma serikali ya mtaa hakuwa tena na sababu ya kulalamika.

Gari la juu, basi, ni barabara anayojinunulia mtu mmoja kwa sababu ile ya watu wote haikujengwa. Lina faida kubwa usiku wa masika. Hasara yake ni kwamba hutusahaulisha deni tunalodaiana. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tulijiwekea sharti, kwamba fedha ya kifusi itolewe kwanza, kabla ya fedha ya petroli. Na wenye magari ya juu tuliwafuata nyumbani mmoja mmoja, tukawarudisha wachache mkutanoni.

Historia nayo imekwisha kutoa hukumu kati ya magari yale mawili. Njia ya RAV4 ndiyo iliyoshinda. Mwaka 2005 Suzuki waliiunganisha chasisi ya Escudo na bodi, na Vitara waliloanza kuliuza mwaka 2015 limejengwa kama gari dogo la kawaida lililoinuliwa, bila ile gia ya nguvu. Gari la chasisi na gia ya nguvu wamemwachia mdogo wake, Jimny. Hawakukosea, kwani wateja wengi duniani wana lami.

Wapo vijana wanaoniuliza leo wanunue lipi kati ya magari mawili ya juu ya kwendea kazini kutoka pembezoni mwa mji. Siwapi jina la gari. Nawaambia kwanza waitembee njia yao kwa miguu siku ya tatu ya mvua kubwa, kutoka lami hadi mlangoni. Wakifika na viatu vyao, wachague gari laini lenye vipuri rahisi, na kile kimo cha juu kitawatosha kwa matuta na mashimo. Wakifika bila viatu, watafute lenye gia ya nguvu, hata kama ni kuukuu na linarukaruka. Kisha, gari lolote watakalonunua, waulize mkutano wa barabara hufanyika siku gani.